Mgonjwa wa mazoezi Nairobi: kitanda kipi ukikubali, kipi ukikatae

Ukienda kujitolea kupimwa na wanafunzi wa udaktari, beba leso mbili. Moja ya kujifunika, ya pili ya kutandika chini ya mgongo, kwa sababu vitanda vya kupimia wagonjwa huvikwa plastiki, na Nairobi ya mwezi wa Julai huifanya plastiki hiyo iwe baridi kama bati la alfajiri. Mwanafunzi naye atakuja na mikono ya baridi, na tumbo likiguswa na mkono wa baridi hujikaza lenyewe. Hapo mtahini ataandika kwamba mgonjwa alikuwa mgumu kupimika, na lawama itakuangukia wewe uliyetoa Jumamosi yako bure.

Tunachokikagua hapa ni kujitolea kuwa mgonjwa wa mazoezi kwa wanafunzi wa udaktari, wa uuguzi na wanaosomea uafisa wa kliniki. Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: ni kazi nzuri pale unapopewa kisa kilichoandikwa, ukafundishwa kabla ya siku yenyewe, na ukapewa nafasi ya kumwambia mwanafunzi alivyokufanya ujisikie. Pasipo hayo matatu wewe ni mwili tu kitandani, na kazi ya kuwa mwili sanamu ya mpira inaiweza.

Mwanzo wake ni Los Angeles, mwaka 1963. Daktari wa mishipa ya fahamu, Howard Barrows wa Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mwanamke mwenye afya kuigiza ugonjwa wa neva, wanafunzi wakampima mmoja baada ya mwingine na kisa kikabaki kile kile. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, wakaandika kuhusu mtihani wa kuzunguka vituo, OSCE, ambao wanafunzi wetu huuita oski tu: kengele inalia, kila mtu anahamia mlango unaofuata. Neno la kushika katika historia hiyo ni "kile kile". Watu wengi hudhani kazi hii inataka mwigizaji hodari wa kulia na kujinyonganyonga. Haitaki. Inataka mtu ambaye kwa mwanafunzi wa ishirini atasema jambo lile lile, kwa sauti ile ile, kama alivyolisema kwa wa kwanza.

Vitanda ni vya aina nne, na si vyote vinavyostahili muda wako.

Kilicho bora ni cha maabara ya ujuzi, yaani chumba cha mafunzo chenye mwalimu, kabla wanafunzi hawajapelekwa wodini au muda mfupi baada ya hapo. Mwanafunzi anaruhusiwa kukosea, kusimama, kuuliza, kuanza upya. Wewe unaruhusiwa kusema "hapo umeniumiza" na kazi ikasimama. Hiki tunakipa nyota tano bila kusitasita, mradi wanafunzi wasizidi watano au sita kwa mgonjwa mmoja. Wakizidi hapo, wa nyuma hawaoni kitu na wa mbele wanakubonyeza mara mbili ili kuwaonyesha wa nyuma.

Cha pili ni cha oski yenyewe. Hapa hakuna kusimamisha, hakuna kucheka, hakuna kumsaidia mtu. Piga hesabu kabla ya kukubali: wanafunzi 20, kila mmoja dakika 8, na dakika 2 za kubadilishana na kusoma maelekezo mlangoni. Hizo ni dakika 200, saa tatu na dakika ishirini za maumivu yale yale. Uliza kama kuna mtu wa kukupokea katikati. Chuo kinachojua kazi yake hufundisha watu wawili kwa kisa kimoja; kisichojua hukuambia "tutaona". Nyota nne, au mbili, kutegemea jibu hilo.

Cha tatu ni cha mwenye dalili halisi: moyo wenye mlio, wengu lililovimba, goita, vidole vilivyopindwa na ugonjwa wa viungo. Watu hawa ni dhahabu kwa wanafunzi, kwa sababu mlio wa vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi hauigiziki. Kwa sababu hiyo hiyo ndio wanaochoshwa kuliko wote. Mwenye dalili halisi ameze dawa zake kwa saa yake hata kama mtihani unaendelea, apewe kiti chenye mgongo badala ya kulala chali ikiwa anaishiwa pumzi, na idadi ya watakaompima itajwe kabla, si baada ya yeye kufika. Mgonjwa wa wodini anayeombwa kwa ajili ya mtihani wa kesi ndefu, ule wa mwanafunzi kukaa na mgonjwa mmoja kwa muda mrefu, ana haki ya kukataa na matibabu yake yasibadilike hata kidogo. Swali hilo aulizwe na mtu asiyemtibu, maana ni vigumu kumkatalia daktari aliyeshika faili lako.

Cha nne ni cha wanafunzi wenyewe: ujumbe unatumwa kwenye kundi la kanisa au la ploti, "tunahitaji mtu wa kufanyia mazoezi kesho jioni", hakuna mwalimu, mahali ni chumba cha hosteli. Hiki ukikatae. Kama unawapenda vijana hao na unataka kuwasaidia, wakutane nawe mahali pa wazi na wafanye mahojiano tu: maswali ya historia ya ugonjwa hayahitaji kuvuliwa shati, na ukweli ni kwamba hapo ndipo wengi wanapofelia. Mwanafunzi halali ana kitambulisho cha chuo na haoni aibu kukuonyesha. Anayekuandikia dawa baada ya mazoezi amevuka mpaka, hata kama dawa yenyewe ni ya maumivu ya kichwa.

(Kuna pia madaktari waliokwisha kuhitimu wanaojiandaa kwa PLAB, mtihani wa Uingereza kwa madaktari waliosomea nje wanaotaka kufanya kazi huko, ambao sehemu yake ya pili hufanyiwa Manchester kwa wagonjwa wa kuigiza, dakika 8 kila kituo. Hao watataka uzungumze Kiingereza na watakusahihisha lafudhi. Kwa mtu anayependa subira ni kazi nyepesi.)

Vyuo vya kuulizia vipo vya kutosha. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha udaktari penye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, KMTC ya Nairobi, chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, iko jirani hapo hapo, Aga Khan iko Parklands, Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, JKUAT iko Juja. Usiende kwenye lango kuu na kumwambia bawabu umekuja kuwa mgonjwa. Utaelekezwa kwenye foleni ya wagonjwa. Ulizia ofisi ya mkuu wa kitivo au idara inayosimamia maabara ya ujuzi, na uulize swali moja la kwanza: "Kisa kimeandikwa?"

Kisa kilichoandikwa vizuri kina sehemu tatu, na ukikipata kimechanganywa chukua kalamu ukitenganishe mwenyewe. Kuna sentensi ya kufungulia, ambayo unaisema neno kwa neno. Kuna mambo unayoyatoa mtu akikuuliza swali la wazi kama "nieleze zaidi". Halafu kuna mambo unayoyashikilia mpaka uulizwe moja kwa moja. Chukua mfano wa kidole tumbo kwa msichana wa miaka 22. Kufungulia: "Daktari, tumbo linaniuma tangu jana jioni." Akisema nieleze zaidi: lilianzia kwenye kitovu, sasa limeshuka upande wa kulia chini, na kutembea kunaliongeza. Akiuliza kuhusu kula: sijisikii kula chochote. Akiuliza kuhusu kutapika: mara mbili, usiku. Na la kushikilia: siku zangu za mwezi niliziona wiki tatu zilizopita, kama kawaida.

Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kwa nini hutakiwi kubuni. Msichana huyo huyo, maumivu yale yale, akisema "ni kama wiki sita sasa sijaziona", mwanafunzi makini ataacha kidole tumbo na kuanza kufikiria mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na atakuwa sahihi. Umembadilishia mtihani katikati ya mtihani. Mwenzake aliyepita mlango huo dakika kumi kabla alipimwa kwa kisa kingine, na alama zao hazilinganishiki tena. Ndiyo maana kanuni ya kisa ni kavu: ukiulizwa jambo lisiloandikwa, jibu "hapana" au "sijui". Usimpe kaka yako kisukari kwa sababu swali limekupendeza.

Kosa la pili ni huruma. Mwanafunzi amekwama, jasho linamtoka, naye anafanana na mpwa wako, unajikuta unasema, "Na daktari, hujaniuliza kuhusu choo." Umemsaidia yeye na umewaonea wengine wote. Kama huwezi kuvumilia ukimya wa sekunde thelathini huku mtu mzima akihangaika mbele yako, omba maabara ya ujuzi na uiache oski.

Sasa lugha. Hapa ndipo mtu wa Nairobi ana kitu ambacho hakinunuliki, na ndipo vyuo vingi vinapokitupa.

Kisa huja kwa Kiingereza kwa sababu mwanafunzi amesoma kwa Kiingereza na mtahini anajaza fomu kwa Kiingereza. Lakini mama atakayemkuta mwanafunzi huyo kwenye zahanati mwaka wa kwanza wa kazi hatasema maumivu yake yanahamia sehemu ya chini ya kulia ya fumbatio. Atasema, "Tumbo inaniuma huku, imefura." Kwa hiyo ukipewa kisa, muulize mwalimu kama unaweza kukisema kwa Kiswahili cha mtaa. Akikubali, mkae dakika kumi mkubaliane maneno, maana kuna mitego ambayo hata wenyeji hawaioni.

Mtego mkubwa ni neno homa. Kwenye kamusi homa ni joto la mwili kupanda. Nairobi, mtu akikwambia ana homa, mara nyingi anasema pua inatiririka na koo linawasha. Mwanafunzi anauliza, "Uko na homa?" Mgonjwa anajibu, "Niko nayo." Kila mmoja ana homa yake kichwani, na faili linaandikwa joto ambalo halikuwepo. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri huuliza tofauti: mwili umekuwa ukichemka? Umetetemeka kwa baridi usiku? Jasho limelowesha shuka? Kwa hiyo kisa kikikutaka uwe na joto la mwili, usilitaje neno homa wewe mwenyewe, mwache alitaje yeye, umjibu "ile ya mafua?" na utazame atafanya nini. Swali hilo dogo humpima kuliko stethoskopu. Lakini litumiwe tu kama mwalimu ameliandika kwenye kisa, na kwa kila mwanafunzi.

Mkono wetu huanzia begani na kuishia kwenye kucha; mguu vivyo hivyo kutoka nyongani. Mwanafunzi akiandika "maumivu ya mguu" bila kukuambia "nionyeshe kwa kidole", hajui kama ni paja, goti au kisigino. Kiuno na mgongo huchanganywa kila siku, ilhali anayeumwa na figo na anayeumwa na misuli ya chini ya mgongo wanahitaji mikono tofauti ya kuwapima. "Moyo unaniuma" inaweza kuwa kifua, inaweza kuwa kiungulia kwenye chembe ya moyo, inaweza kuwa mtu kaachwa. "Naendesha" ni kuhara, ingawa mwanafunzi mmoja au wawili watakuuliza unaendesha nini. Na "presha" kwa wengi si kipimo, ni jina la ugonjwa: ukisema niko na presha umesema uliwahi kuambiwa na daktari, hivyo usiliseme kama kisa hakisemi.

Kisha dawa. "Unatumia dawa yoyote?" "Hapana." Na mgonjwa huyo huyo anakunywa mwarobaini kila asubuhi na amemeza Panadol za kemisti siku tatu mfululizo, kwa sababu kwake dawa ni ile aliyoandikiwa hospitalini. Swali la mzio lina shida hiyo hiyo. Neno mzio liko kwenye vitabu. Uliza watu kumi kituo cha matatu wakueleze maana yake. "Kuna dawa au chakula kinachokukataa?" kila mtu analielewa. Mgonjwa wa mazoezi anayejibu "mzio ni nini, daktari?" anafanya kazi nzuri kuliko anayejibu kwa ufasaha.

Heshima pia hupimwa. Mwanafunzi akimwita mama wa miaka sitini kwa jina lake la kwanza kama anavyoona kwenye video za Marekani, mama huyo amwambie baadaye jinsi lilivyomkaa. "Mama", "mzee", "dada" ndivyo mazungumzo yanavyofunguka hapa. Upande wa pili, wewe unaweza kumwita daktari, lakini yeye hatakiwi kujiita hivyo. Anatakiwa aseme jina lake, aseme ni mwanafunzi wa mwaka wa ngapi, aseme anataka kufanya nini, kisha angoje umkubalie. Mambo hayo manne yamo kwenye karibu kila fomu ya alama, na ndiyo ya kwanza kusahaulika kengele ikilia.

Tukija kwenye mwili, mengi yanayoharibika yana sababu zinazojulikana.

Tumbo linaloigizwa kidole tumbo huishia kuuma kweli. Mwanafunzi wa kwanza anabonyeza kwa woga, wa kumi anabonyeza kama anakanda unga wa chapati. Kinga ni kutotumia ushujaa: sehemu yenye maumivu iwe na mpaka uliochorwa kichwani mwako, theluthi moja ya njia kutoka mfupa wa nyonga ya kulia kuelekea kitovu, na mkono ukifika hapo hata kwa upole, kunja uso na ukaze tumbo papo hapo. Ukingoja mpaka uumie kweli umechelewa. Dalili ya kuachilia, ambapo mkono unabonyeza polepole kisha unaondoka ghafla na maumivu yanazidi wakati wa kuondoka, inahitaji mazoezi: watu wengi hupiga yowe mkono ukishuka, wakati yowe lake ni la mkono ukipaa. Lala chali kwa mto mmoja, mikono pembeni, magoti yaliyokunjwa kidogo yakilegeza misuli. Mwanafunzi mzuri huanzia mbali na penye maumivu na hutazama uso wako, si mkono wake. Kojoa kabla ya kulala. Kula kidogo saa moja na nusu kabla. Tumbo lililojaa ugali na kubonyezwa mara ishirini hurudisha ugali, na tumbo tupu hunguruma mpaka mwanafunzi anaandika sauti za utumbo zimezidi.

Kifua kina hatari isiyotajwa. "Vuta pumzi ndefu kwa mdomo," na stethoskopu inatembea sehemu sita mbele, sita nyuma. Mbele ya wanafunzi kumi mfululizo umevuta pumzi ndefu zaidi ya mia moja, kaboni dayoksidi ya damu imeshuka, na unaanza kusikia kizunguzungu, ganzi ya vidole na kuwashwa midomo. Si ugonjwa, ni hewa iliyozidi. Simamisha, pumua kawaida kwa pua dakika mbili, na kwa hao wengine pumua kwa kina cha kawaida tu. Kaa, usisimame, wakati wa kituo cha mapafu.

Mkanda wa presha ubadilishwe mkono kila mara mbili. Mwanafunzi anayeujaza mpaka 220 kwa mtu ambaye presha yake ni 120 hajafuata njia: anatakiwa apapase mpigo wa mkono kwanza, ajue unapotea wapi, kisha aongeze kama 30 tu juu ya hapo. Mwenye mkono uliofanyiwa upasuaji wa tezi za kwapa, au wenye njia ya kusafishia damu, aseme mapema na mkono huo usiguswe na mkanda kabisa. Kuna hila moja nzuri ambayo walimu huipenda: mgonjwa anakaa amekunja mguu juu ya mwingine, jambo linalopandisha kipimo, na alama inatolewa kwa mwanafunzi anayemwambia ashushe miguu yote sakafuni, mgongo uegemee kiti, mkono uwe usawa wa moyo.

Nyundo ya goti haifanyi kazi kwa mguu uliokazwa. Ukiwa na woga, mwanafunzi atapiga mara nane na kukuachia alama nyekundu chini ya kifuniko cha goti. Achia mguu uning'inie kabisa. Ukishindwa, unganisha vidole vya mikono miwili uvute kwa nguvu kila upande wakati anapopiga. Mguu utaruka wenyewe. Tochi ya machoni ni kero tu, omba dakika moja gizani kati ya mtu na mtu.

Kuna mambo ambayo mwanafunzi hatakiwi kuyafanya kwako hata kama umekubali kwa kutojua: kudunga sindano, kutoa damu, kupima matiti, uke au njia ya haja kubwa, kugusa kioo cha jicho kwa pamba, kubonyeza mishipa miwili ya shingo kwa wakati mmoja. Hilo la shingo linaweza kukuangusha. Kwa mengi ya hayo mengine kuna mikono ya mpira na sanamu. Katika kituo cha usawa wa mwili, unaposimamishwa miguu pamoja na kufumba macho, mwanafunzi asimame karibu huku mikono yake imekuzunguka bila kukugusa. Akirudi nyuma kuandika, fumbua macho.

Vaa nguo inayofunguka mbele, au dera juu ya kaptura na fulana nyepesi. Mwanamke ana haki ya kuwa na mwanamke mwingine chumbani, na hana haja ya kuiomba mara mbili. Acha manukato nyumbani. Ukiigiza pumu huku umejipulizia, utawapa pumu wenye pumu.

Sehemu ya kumwambia mwanafunzi alivyofanya ndiyo inayotenganisha mgonjwa wa mazoezi mzuri na mwingine. Zungumza kama mgonjwa, usiwe profesa. "Hukupima ini" si lako, hilo ni la mwalimu. Lako ni hili: "Nilipokwambia mama yangu alikufa kwa saratani, uliandika ukauliza swali linalofuata. Hapo nikaona hunisikilizi." Lina wakati wake, lina kitendo, lina ulivyojisikia, na mwanafunzi hawezi kubishana nalo. Dakika mbili zinatosha. Anza na kitu alichofanya vizuri kama kipo kweli. Kama hakipo, usikitunge, wanafunzi hunusa pongezi za uongo kutoka mbali.

Vituo vya kupewa habari mbaya, mimba iliyotoka, majibu ya VVU, kijana anayefikiria kujiua, vinahitaji maandalizi ya aina nyingine. Usikubali kisa kinachokaribiana na maisha yako ya miezi ya karibuni, hata ukijiona una nguvu. Nguvu hiyo huisha kwa mwanafunzi wa nne. Baada ya kituo, toka chumbani, vua kitambaa au koti ulilovaa kwa kisa, taja jina lako kamili kwa sauti, kunywa maji, ongea na mtu kuhusu bei ya nyanya. Linaonekana la kitoto lakini linafanya kazi, na mratibu anayejua kazi yake ameliweka kwenye ratiba kwa dakika zake.

Kuna pia bahati isiyotarajiwa: mwanafunzi anapima presha yako na kupata 168 kwa 104, wakati kisa kinasema uko sawa. Hajui kama amekosea mashine au amekugundua. Waulize waandalizi kabla: mkikuta jambo, mnafanya nini? Jibu zuri ni kwamba mwalimu anarudia kipimo baada ya dakika tano za kupumzika, anakuandikia barua, na unapelekwa kliniki. Jibu baya ni kicheko. Na usiende kwa matumaini kwamba umepata kupimwa bure badala ya kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali. Ukitoka bila kuambiwa kitu haimaanishi uko mzima. Inamaanisha mwanafunzi alikuwa anatafuta ugonjwa wa kwenye karatasi.

Fomu ya ridhaa isomwe kwa mambo manne: watagusa wapi, kama kuna video, nani ataiona na itakaa muda gani, na kwamba unaweza kusimamisha wakati wowote bila kutoa sababu. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo simu ya mwanafunzi inayorekodi "kwa ajili ya kujisomea" iwekwe mfukoni. Fedha si nyingi na hatujaona sababu ya kujidanganya juu yake: nauli, chakula cha mchana, na pengine kitu kidogo kwa M-Pesa. Yaandikwe kiasi gani na siku gani, na kama mtihani utapita saa kumi na mbili jioni, nani anakufikisha barabarani.

Siku ya oski utafika saa moja kamili asubuhi, simu itachukuliwa, na hutatoka mpaka kundi la mwisho limalize, kwa sababu kisa kikivuja saa nne, wa mchana wote watakuwa wamekisoma. Karatasi ya kisa hurudishwa na kutiwa sahihi. Ukiulizwa nje getini na kijana mwenye koti jeupe mkononi, "Leo ulikuwa unaumwa nini, mama?", mwambie kichwa.